Maji ya Baba Mdogo

Nilisafiri kwenda Kinyala kuomba mate. Naandika hivyo hivyo kwa sababu kila aliyeniuliza mtaani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, naenda kufanya nini nyumbani nilimjibu "kusalimia", na jibu hilo limenichosha. Mimi ni fundi viatu, shule niliishia darasa la saba, na huenda mambo mengine ya kitaalamu hapa nimeyaelewa vibaya. Nitayaweka kama nilivyoyasikia.

Mwanangu Atupele alianguka uwanjani akicheza netiboli chuoni kwao. Aliamka, namshukuru Mungu, lakini kipimo kikaonyesha nyama ya moyo wake imenenepa kuliko inavyotakiwa. Daktari wa moyo, mama mmoja mtulivu, akaniuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuanguka. Nikamtajia wawili: kaka yangu Lusekelo, aliyeanguka shambani akichuma chai, kijana kabisa, na baba yetu mzazi, aliyeanguka njiani akienda kanisani miaka michache baadaye. Hao hawakuamka. Daktari akaacha kuandika, akanitazama.

Damu ya Atupele ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yalichelewa sana, na yalipokuja daktari alinikalisha chini kwanza.

"Wameona mahali pamoja ambapo maandishi ya mwili wa Atupele, yale mtu anayorithi kwa wazazi, yako tofauti," alisema. "Mahali kama hapo tunapalinganisha na mkusanyiko mkubwa wa watu wa dunia. Tukikuta watu wazima wengi wenye afya wanayo tofauti hiyo, tunajua haina neno. Tusipoikuta kabisa, tunashtuka."

"Na mmekuta nini?"

"Hatujui tulichokuta. Mkusanyiko wenyewe umejaa watu wa Ulaya. Wa Afrika ni wachache, na wa kwenu Rungwe sijui hata kama wamo. Huenda hiyo tofauti ndiyo inayowaangusha ndugu zako. Huenda nusu ya Kinyala wanayo na wanalima viazi vyao bila shida."

Nikamuuliza juu ya Gwantwa, mdogo wake Atupele, anayekimbia mbio za shule na kushinda. Moyo wake walishaupiga picha, ukaonekana mzuri. Daktari akasema ugonjwa huu unaweza kuja ukubwani. Kama wangekuwa na uhakika kwamba ile tofauti ndiyo mkosaji, wangempima Gwantwa mara moja tu: anayo, aache mbio na afuatiliwe maisha yake yote, hana, akimbie hadi achoke. Bila uhakika huo kumpima hakusaidii kitu.

"Kuna mtu mzee upande wa baba yako, ambaye moyo wake haujawahi kumsumbua?"

Nikasema yupo Baba mdogo Ambakisye, mdogo wake baba, na Shangazi Tupokigwe wa Tukuyu. Daktari akanipa vichupa viwili, kila mmoja cha kwake, akanielekeza. Mtu asile wala asinywe kitu nusu saa kabla. Ateme mate matupu mpaka kwenye mstari. Afunge kifuniko, dawa iliyomo ishuke yenyewe. "Mzee akiwa nayo na bado anapanda milima, tunapumua kidogo," alisema. "Asipokuwa nayo, mashaka yanaongezeka. Peke yake haitoshi, lakini ni afadhali kuliko giza hili."

Asubuhi ya Jumamosi niliondoka na vichupa mfukoni mwa koti. Kutoka Uyole barabara inapanda, na ukifika Isongole baridi inakukumbusha kwamba ulihama. Wanawake walikuwa kando ya lami na ndoo zao za viazi, wamejifunga vitenge juu ya masweta. Mlima Rungwe ulikuwa umefunikwa na wingu hadi magotini. Zamani nilikuwa nafurahi nikifika hapo. Safari hii nilikuwa nawatazama wale akina mama na kujiuliza nani kati yao anayo na nani hana, nikaona hata macho yangu yameharibika.

Kiwira ilikuwa imechangamka, malori yanapiga honi, mikungu ya ndizi imepangwa chini hadi karibu na matairi. Nilinunua sukari na sabuni ya kupeleka, nikamwita kijana wa bodaboda.

"Kinyala, kwa Mzee Ambakisye."

Alizima pikipiki. "Mshua, nitakushusha njia panda. Kwake sifiki."

"Unamwogopa?"

"Mimi? Hamna. Ila pikipiki si yangu." Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie ukweli, Dulla, ukilala usiamke nani atarudisha chombo kwa tajiri?"

Sikuwalaumu, na bado siwalaumu. Wao waliyakuta yakisemwa. Yaliyosemwa ni haya. Siku moja kabla Lusekelo hajafa, ng'ombe wa Baba mdogo aliingia shambani kwetu, yeye na Lusekelo wakatukanana hadharani. Kesho yake Lusekelo akaanguka kwenye chai. Kwetu mkubwa akikukasirikia na hasira ikabaki kifuani mwake, watu husema inaweza kukufuata. Baba yangu aliyasema hayo msibani, mbele ya watu. Alipoanguka na yeye, hakuna aliyehitaji kuyasema tena. Tangu hapo watu hawanywi chai nyumbani kwa Baba mdogo.

Kinyala nilifika mvua ikinyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka, nikiwa nimetembea kutoka njia panda. Nyumba iko pembeni, nyuma ya migomba. Mama mdogo ndiye aliyeniona kwanza, akapiga magoti matopeni kunisalimia, nikaona aibu maana mimi ndiye mtoto.

"Ugonile, tata," alisema, yaani umeamkaje, baba.

"Ndaga, mama. Inuka, unalowa."

Baba mdogo alikuwa ndani, anakunja kamba ya ng'ombe. Amezeeka, lakini asubuhi ile alikuwa ameshapanda kilimani na kushuka na mzigo wa majani. Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani yake, utasikia l badala ya r na mara nyingine s badala ya z, kama cha wazee wengi wa huko.

"Kalibu. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, Baba."

"Basi hakuna aliyekukataza. Au ulitoloka?"

Alicheka peke yake. Tukala ndizi na maharage, nikanywa chai, na niliona Mama mdogo anakitazama kikombe changu mpaka nilipokimaliza.

Baada ya chakula nilieleza. Nilijitahidi kueleza kama daktari. Baba mdogo alisikiliza akiwa ameshika kichupa kwenye vidole viwili.

"Hivi nafijua," alisema. "Walikuja hapa, watu na gali kubwa. Wakatwambia tuteme, tukatema, kijiji kisima. Wakatupa sabuni."

"Walisema wanatafuta nini?"

"Asili yetu. Nikawaambia asili yangu ni hapa, nyuma ya migomba. Wakacheka, wakaandika. Hawakuludi. Kwa hiyo mate yangu wanayo. Nenda kawaombe hao."

"Sijui waliko, Baba. Kwa nini hao uliwatemea?"

"Sikuwa na neno nao." Akakiweka kichupa mezani. "Na wewe ninalo."

Wasomaji ambao si wa kwetu niwaeleze. Mkubwa mwenye neno moyoni, yaani kinyongo, juu ya mtoto wa ukoo hawezi kutoa kinywani mwake kitu cha kumfaa mtoto huyo kabla hajalisema lile neno. Akishalisema lote, mbele ya mashahidi, anachukua maji mdomoni na kuyapuliza, na hapo ndipo moyo wake unakuwa mweupe. Mate kwa ajili ya Gwantwa, kwake yeye, yalikuwa ni hayo hayo. Sikulifikiria hilo nilipokuwa Mbeya, mimi mtoto wa Kinyala, na daktari hakuwa na namna ya kulijua.

Nikamwambia jambo ambalo mpaka leo nalirudia kichwani. Nilimwambia ugonjwa huu ukionekana uko kwenye damu, basi Lusekelo na baba waliuawa na moyo, na yeye atakuwa amesafika. Nafikiri nilisema kipimo "kinaweza" kuonyesha. Mama mdogo anasema nilisema "kitaonyesha". Huenda yeye ndiye anayekumbuka vizuri, maana ni yeye aliyekuwa analisubiri neno hilo.

Baba mdogo alikichukua tena kichupa mezani. "Watu wa mashine ndio watasema si mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa kalatasi?"

"Kwa karatasi."

"Kesho, kabla ya chai. Mwite Yotamu."

Jumapili asubuhi Mzee Yotamu alikuja, jirani yake, mtu pekee ambaye hakuacha kuingia nyumba ile. Baba mdogo hakuwa amekula wala kunywa kitu, alilizingatia sharti la daktari kuliko nilivyotegemea. Alisimama uani, wingu bado liko chini, akaanza kusema kwa Kinyakyusa. Alisema kaka yake alisimama msibani akamtazama. Alisema watoto wake waliondoka mmoja mmoja kwa aibu, wako Chunya na wako Dar, hawaji. Alisema mkewe akipeleka maziwa kanisani yanapokelewa na kumwagwa. Alisema nami nilipokuwa Mbeya nilishona viatu vya watu wote lakini vyake sikuuliza kama vimechakaa. Hakupaza sauti. Yotamu alikuwa anaitikia "ee" kila baada ya neno, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka chini.

Alipomaliza alimtazama mkewe. Mama mdogo alishakuja na kikombe cha maji.

Hapo nilijua. Nilijua kabla kikombe hakijafika mdomoni, na kama ni kusema, ndipo mahali pa kusema palikuwa. Baba mdogo alijaza maji mdomoni, akapuliza kushoto, akapuliza kulia, akanipulizia mimi kichwani na kifuani. Alitaja jina la Atupele, akataja la Gwantwa, akasema, "Mioyo yenu isilale kabla yenu." Kisha akachukua kichupa, akajaza maji tena mdomoni, akayaachia humo polepole, kwa uangalifu, hadi kwenye mstari. Akafunga. Dawa ikashuka.

"Tayali," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kawapelekee."

Nilikuwa na kichupa cha Shangazi mfukoni. Ningeweza kukitoa na kusema: Baba, tusubiri nusu saa, tuteme tena bila maji. Lakini kumwomba mtu arudie papo hapo ni kumwambia ya kwanza hukuyapokea, na Yotamu alikuwa shahidi. Mama mdogo alikuwa analia na kucheka, ameshaanza kuwasha moto wa chai ya watu wanne. Nikasema "Ndaga fijo, tata," asante sana, baba, nikakitia kichupa mfukoni. Sijui kama ilikuwa ni heshima au ni woga. Nimejaribu kuamua na nimeshindwa.

Jioni hiyo nilikuwa Tukuyu, mtaa wa Msasani, kwa Shangazi Tupokigwe. Ameolewa na Mzee Salehe, fundi cherehani, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Kilwa wakabaki. Nilimweleza Shangazi yote. Hakunilaumu.

"Ungeomba tena ungekuwa umemrudishia maji yake," alisema. "Na usipoomba, mtoto je? Mimi nisingejua pia."

Yeye neno hakuwa nalo, kwa hiyo alikaa akatema. Mate hayakutoka. Mdomo ulikuwa umemkauka kwa wasiwasi.

"Mwaka mzima unanitemea maneno," Salehe alisema akiwa kwenye cherehani, "leo mate ndiyo yamekwisha?"

"Nyamaza, mswahili wewe. Ukicheka nakuanzia wewe."

"Wanyakyusa hata mate mnayaitia kikao." Kisha akaacha kukanyaga cherehani. "Lakini niulize. Huo mkusanyiko wa daktari, watu kama mimi tumo? Mguu mmoja Kilwa, mwingine sijui wapi, mke Mnyakyusa?"

"Sijui, Mjomba. Nadhani na ninyi hammo."

"Basi watoto wangu hawamo mara mbili." Akarudi kwenye nguo yake. Shangazi akapata mate, pole pole, hadi kwenye mstari.

Jumatatu nilirudi Mbeya. Njiani nilishika mfuko wa koti muda wote, vichupa viwili, kimoja kizito kwangu kuliko kingine ingawa vilikuwa sawa. Nilijiambia huenda mate kidogo yalichanganyika na yale maji, huenda mashine ni kali kuliko ninavyodhani. Muuguzi alikiinua kichupa cha Baba mdogo kwenye mwanga, akakitikisa. "Hiki ni maji, mzee." Alisema kwa upole. Walijaribu hata hivyo, nawashukuru, wakakosa kitu cha kusoma.

Nilimuuliza daktari juu ya wale watu wa gari kubwa. Aliuliza huku na huku, alijitahidi kuliko alivyolazimika. Akaniambia mate yale yawezekana bado yapo kwenye barafu mahali fulani, lakini majina yaliondolewa ili kuwalinda waliotema. Hata wakitaka, hawawezi kusema yapi ni ya Ambakisye. Nikasema basi angalau yameingia kwenye mkusanyiko. Akasema hana hakika. Mengine husomwa, mengine husubiri, na mengine yanasomwa lakini hayawekwi mahali daktari wa Mbeya anapoweza kuyafungua. Sina sababu ya kusema wale watu walikuwa wabaya. Walitoa sabuni, waliomba ruhusa, walificha majina. Kila mmoja alifanya la kwake sawasawa, na mwanangu bado hana jibu.

Miezi imepita. Majibu ya Shangazi yalikuja: ile tofauti hana. Daktari akasema hiyo imeongeza mashaka kidogo, lakini peke yake haituambii mengi. Mzee anayepanda milima ndiye angetuambia zaidi. Akanipa kichupa kingine. Kiko kabatini, nyuma ya gundi ya viatu. Gwantwa hakimbii. Tumemkataza kwa sababu ya kutojua, ananiangalia kama nimemwadhibu kwa kosa ambalo sijamtajia. Viatu vyake vya mbio nilivishona soli upya kabla ya haya yote, vimening'inia kwenye msumari, vizima. Atupele anameza dawa zake na anapanda ngazi polepole. Aliniuliza Babu Ambakisye alisema nini alipopuliza maji, nikamwambia. Aliniomba nirudie mara mbili.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani "hatujui" ni neno la katikati, halimpendelei mtu wala halimwumizi. Nimeona linapoangukia. Mwenye kuandikwa kwenye mkusanyiko halimwumizi, maana kesho watamjua. Nyumbani kwangu limemvua mtoto viatu. Huko Kinyala limefanya kazi nyingine.

Baba mdogo alinipigia wiki iliyopita, kwa simu ya Yotamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba tena. Nilikuwa hata nimeyapanga maneno.

"Watu wa mashine wamesemaje?"

"Hawajasema kitu juu yako, Baba."

"Hawajasema kitu gani?"

"Yale yalikuwa maji. Mashine inataka mate matupu. Hawakuona chochote, wanasema hawajui."

Nikasikia mvua inapiga bati la kwake.

"Niliyapulisa mbele ya Yotamu," alisema.

"Najua, Baba."

"Wanao niliwataja majina."

"Uliwataja."

"Na bado wanasema hawajui."

"Ndivyo wanavyosema. Baba, kama ungekubali—"

"Kaka yangu alianza hivyo hivyo," alisema. "Alisimama msibani akasema hajui nani amemwua Lusekelo. Alisema hajui, huku ananitazama mimi."